Mgongo Ni Wangu, Uamuzi Ni Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Nimedhalilishwa. Tena na daktari ambaye umri wake ni wa binti yangu.

Miezi miwili na nusu mgongo unaniuma. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanashuka tako la kushoto, yanapita nyuma ya paja mpaka kwenye unyayo, kama yana anwani. Leo ilikuwa siku ya majibu ya picha. Nikavaa shati la heshima. Nikakaa wima mbele yake, jambo lililonitoa machozi. Daktari wa upasuaji akaibandika picha penye mwanga, akaonyesha kwa kalamu: pingili ya nne hii, ya tano hii, na diski iliyo katikati yake imebanwa mpaka ikachomoza kwa nyuma kama dawa ya meno. Inagusa neva ya mguu.

Nimejalidi vitabu vya maktaba kuu kwa miaka ishirini na sita. Vilivyochanika, vilivyoloa, vilivyotafunwa na panya, vyote vimepita mikononi mwangu. Migongo naijua. Sikuhitaji kufundishwa kwa dawa ya meno.

Nikamuuliza tufanyeje. Hapo ndipo aliponivunjia heshima. Akasema njia ni tatu: mazoezi na dawa za maumivu, au sindano kwenye uti wa mgongo, au upasuaji mdogo wa kuondoa kilichochomoza. Wengi hupona bila kisu, ila kwa kusubiri. Wanaopasuliwa hupata nafuu ya mguu mapema zaidi, ila kisu ni kisu. Kwa hiyo nichague mimi. Nikasome, niulize watu, nirudi Jumatatu tarehe kumi na nane na jibu.

Yaani nimfanyie kazi yake! Mtu akiniletea kitabu kimevunjika mgongo, je, namwambia nenda kasome habari za gundi kisha urudi?

Akanipa na karatasi ya maandishi mekundu. Unyayo ukishindwa kuinuka, mkojo ukigoma, mapaja yakifa ganzi, nisingoje miadi, nikimbilie hospitali. Nikamuuliza mtu wa mgongo anakimbiaje. Hakucheka. Nimeikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Kufika nyumbani, mke wangu keshampigia simu dada yake. Maana yake mwanyumba wangu anajua. Maana yake dunia nzima inajua.

Jumanne, 5 Machi

Amekuja. Hata hakungoja siku mbili zipite.

Mwanyumba ni mume wa dada wa mke wangu. Mwalimu wa michezo mstaafu, mpaka leo anatembea kama amemeza filimbi. Alipasuliwa mgongo mwaka jana, na tangu hapo anajiona yeye ndiye aliyeigundua migongo. Hajaketi, hajaulizwa hali, keshainama katikati ya sebule yangu na kugusa vidole vya miguu. Magoti hayakukunjika hata kidogo. Mke wangu akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimelala sakafuni, miguu juu ya kiti, namwona kinyumenyume.

Akasema nipasuliwe, basi, nipasuliwe kesho. Yeye siku ya tatu alikuwa anapanda ngazi. Wiki ya sita alicheza mpira. Daktari mwenyewe alimwambia hajaona mgongo kama ule. Nikamwambia nami daktari hajaona kama wangu. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Nimeamua. Sitatoa jibu lolote kabla ya utafiti. Utafiti wa kina, usio na upendeleo. Ila nikipasuliwa, mwanyumba atasema mpaka siku ya kiama kwamba yeye ndiye aliyenishauri. Kwa hiyo utafiti ukisema nipasuliwe, utafiti utakuwa umekosea.

Alhamisi, 7 Machi

Utafiti umeanza kwa ushindi.

Vitabu vya tiba viko chumba cha rejea. Haviazimwi. Vinalindwa na mama mmoja tunayemwita Bi Rejea, anayesikia ukurasa ukifunuliwa vibaya ukiwa chumba cha pili. Kitabu cha rejea kinaweza kutoka mle kwa sababu moja tu: kimeumia, kinakwenda kwa fundi. Na fundi ni nani?

Niliingia saa tano, kisu kidogo cha kukatia kikiwa ndani ya leso. Rafu ya chini kabisa nikakiona, kinene, cha zamani. Kwenye mgongo wake maandishi ya dhahabu yamesuguliwa na mikono ya watu, yanasomeka “Magonjwa ya Uti wa Mgongo wa M” na kilichobaki kimefutika. Mwanadamu, ni wazi. Nikaketi nacho, nikapitisha kisu kwenye mkunjo wa jalada. Miaka yote hii naponya, leo naumiza. Jalada likaachia, na kurasa chache za mbele zikaondoka nalo. Nikaziacha chini ya rafu.

Nikampelekea Bi Rejea kwa uso wa msiba. Akakigeuza, akanitazama, akasema asubuhi kilikuwa kizima. Nikamwambia gundi ya zamani ndivyo ilivyo, huondoka ghafla. Akasema na mafundi wa zamani pia. Sikuelewa anamaanisha nini. Lakini alisaini.

Ijumaa, 8 Machi

Kitabu cha ajabu! Nimelala chini ya meza ya kujalidi siku nzima nikisoma. Mwandishi ananifahamu kuliko yule daktari wa dawa ya meno.

Anasema kisu kiwe cha mwisho. Dawa kubwa ni kutulia. Mgonjwa atengewe mahali padogo, pasipo na nafasi ya kuruka. Asipande makochi wala ngazi. Atolewe nje mara nne kwa siku kwa haja fupi. Asiruhusiwe kukimbilia mlangoni wageni wanapofika. Hilo la wageni nimelipigia mstari mara mbili.

Nimeliweka godoro kati ya kabati na ukuta, pembamba kabisa, nikaingia. Nikamsomea mke wangu kwa sauti: mgonjwa akinguruma anapoguswa, aachwe, ni maumivu, si tabia. Akasema mimi nilikuwa nanguruma hata kabla ya maumivu. Watu wasiosoma ni mzigo.

Jumapili, 10 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu shajara isiyo na ukweli haina maana.

Mke wangu alikichukua kitabu leo asubuhi nikiwa nimetolewa nje kwa haja fupi. Niliporudi nilimkuta ameketi sakafuni, mkono kifuani. Nikadhani amezidiwa. Alikuwa anacheka. Akanigeuzia ukurasa wa mia na kumi na mbili. Mchoro wa mgonjwa kwa ubavu: pingili zote zimepangwa vizuri, zimepewa namba, zinaendelea mpaka nyuma na kuishia kwenye mkia.

Mbwa. Uti wa mgongo wa mbwa! Kumbe zile kurasa za mbele zilikuwa na kazi.

Simu kwa dada yake ilipigwa kabla sijatoka pembeni ya kabati. Mwanyumba akaomba apewe mimi. Kwa sauti ya upole akauliza kama nimeshachanjwa kichaa. Nikakata. Nina hakika nilisikia mtu akibweka.

Kwa taarifa tu: ushauri ni mzuri. Mbwa wengi wa kitabu kile walipona.

Jumatatu, 11 Machi

Njama! Nimeigundua leo.

Mtafiti makini husikiliza zaidi ya daktari mmoja. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda hospitali nyingine, upande wa pili wa mji, na picha yangu kwenye bahasha. Mbinu ilikuwa hii: nisimwambie kwamba nimeshaonwa. Aseme ya kwake bila kuathiriwa.

Daktari mzee, mvi mpaka kwenye nyusi. Akauliza nani amenitibu kabla. Nikasema hakuna. Akauliza basi picha hii imetoka wapi. Nikasema nimeikuta nyumbani. Akaisogeza kwenye mwanga, akasoma pembeni: jina langu, tarehe, na jina la daktari aliyeiagiza. Akafurahi sana. Alikuwa mwanafunzi wake! Mwanafunzi bora aliyewahi kumfundisha!

Kisha akasema maneno yaleyale. Njia tatu. Wengi hupona bila kisu. Achague mgonjwa mwenyewe. Neno kwa neno. Watu wawili wasiokutana wanaposema jambo moja, ama ni kweli, ama wamepanga. Mimi nimekaa na watu wa maktaba miaka mingi. Wamepanga.

Kabla ya kuondoka akanitaka nitembee kwa visigino, vidole juu. Nikatembea kama bata. Mguu wa kushoto ulisita kidogo, nikaukaza. Akauliza mguu umeanza lini kusita. Nikamwambia ndivyo nilivyoumbwa. Akaandika kitu. Akasema nisichelewe kurudi kwa mwanafunzi wake. Nikasema tarehe kumi na nane, na mimi ni mtu wa miadi.

Jumatano, 13 Machi

Nilisahau kuandika kwamba siku ile ya kwanza nilipewa pia kadi ya mazoezi. Kila siku ulale kifudifudi, ujiinue kwa mikono, utembee dakika ishirini, kisha utie alama na saini. Leo ilikuwa siku ya kuipeleka kwa mtaalamu wa viungo. Watu wanamwita Fizio. Mwanaume mpana, viganja kama vifuniko vya sufuria.

Mazoezi nilifanya Jumanne ya wiki iliyopita. Nusu. Kwa hiyo asubuhi niliketi na kalamu tatu nikaijaza kadi: bluu siku za nguvu, nyeusi siku za kawaida, penseli siku za udhaifu. Kazi safi. Hata nikatia doa la chai mahali pamoja ili ionekane imeishi.

Fizio akaisoma taratibu. Akanisifu kwa bidii. Kisha akauliza nimewezaje kufanya mazoezi ya Alhamisi na Ijumaa, ilhali leo ni Jumatano. Nikamwambia mimi ni mtu wa kujipanga. Akanilaza kifudifudi akanifanyisha yote upya, mbele ya watu. Unyama. Niliposimama nilisikia nafuu kidogo, lakini sikumpa raha ya kujua.

Safari haikuwa bure. Kwenye benchi la kusubiri nilifanya uchunguzi wa kitaalamu. Watu tisa. Swali la kwanza: ulipasuliwa? Swali la pili: unajuta? Watano hawakupasuliwa mgongo, nikawatoa. Wakabaki wanne. Bibi mmoja alipasuliwa miaka minane iliyopita, hajuti, na amekuja kwa sababu ameteguka mkono akiruka kamba na wajukuu. Nikamtoa, si mtu makini. Wawili wengine hawajuti lakini walijibu haraka mno, kama waliofundishwa. Nikawatoa. Amebaki fundi bomba mmoja. Anajuta sana. Nilipomdadisi ikawa anajuta ndoa, mgongo hauna neno. Lakini swali halikusema ajute nini.

Matokeo: mia kwa mia wanajuta. Nimechora jedwali.

Ijumaa, 15 Machi

Kandambili ya kushoto imeniacha njiani.

Nilikuwa natoka chumba cha kujalidi kwenda bombani kuchukua maji ya gundi. Nikasikia Bi Rejea ananiita. Nikageuka. Amesimama katikati ya ukumbi na kandambili yangu mkononi. Nilikuwa nimepiga hatua nne bila hiyo na sikujua. Unyayo haukuniambia.

Nikajifungia. Nikaketi, nikanyoosha miguu yote miwili, nikaamuru vidole viinuke. Vya kulia vikatii. Vya kushoto vikanitazama tu.

Nikaitoa ile karatasi nyekundu. Imeandika: unyayo ukishindwa kuinuka. Sasa, wangu unashindwa mbele tu. Kisigino kinainuka vizuri sana. Karatasi ingesema “sehemu ya mbele ya unyayo” hapo tungeelewana. Halafu Jumatatu ni siku tatu tu. Nikikimbia leo itaonekana utafiti haukukamilika. Na mwanyumba! Nikiwazia uso wake pale kitandani, akiinama.

Naogopa. Hili naliandika kwa penseli, kesho nitalifuta.

Fundi hakosi njia. Nimechukua uzi wa kitani wa kushonea vitabu, mara mbili, nikautia nta. Nikaufunga kwenye mikanda ya kandambili, nikaupitisha ndani ya suruali, nikaufunga chini ya goti. Nikivuta goti, vidole vinainuka. Nimetembea ukumbi mzima mara mbili. Ninatembea kama askari wa gwaride. Bi Rejea akauliza kama nimepandishwa cheo.

Jumapili, 17 Machi. Hospitali

Nitaeleza kwa utulivu.

Mke wangu alishikilia twende kwa dada yake kwa chakula cha mchana. Nilikataa, nikashindwa. Uzi nilikuwa nimeufunga upya, wa mara tatu. Nikaingia kwa mwendo wa gwaride, nikaketi. Mwanyumba alishagusa vidole mara mbili kabla ya kunawa. Mimi nilivumilia. Nilivumilia mpaka chai.

Akasema, “Mwanyumba, hebu simama tukuone. Daktari alinitembeza kwa visigino. Nenda mpaka mlangoni.”

Nikasema mimi si mtu wa maonyesho.

“Unaogopa?”

Angesema neno lingine lolote! Nikasimama. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri, hata shemeji aliitikia kwa kichwa. Ya pili uzi ukakatika. Ulilia tap, kila mtu alisikia. Vidole vikaanguka, vikanasa kwenye zulia, na mimi nikashika kitu kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa kitambaa cha meza. Birika, vikombe, bakuli la sukari, vyote vilinifuata chini.

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alipiga magoti kando yangu. Aliona uzi unaning'inia kwenye pindo la suruali, akauvuta polepole, na kandambili ikaja nao. Akaishika, akaitazama.

“Baba watoto. Inua vidole.”

Nikasema nimeviinua.

“Havijainuka. Tangu lini?”

“Jana.”

“Tangu lini?”

“Ijumaa.”

Hakulia, hakugomba. Laiti angegomba. Alisimama akatafuta mkoba wake.

Mwanyumba alinibeba. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Akanilaza kiti cha nyuma cha gari, akaendesha mpaka tulipopita mzunguko wa pili. Kisha akasema bila kugeuka, “Mimi nilificha wiki tatu. Nilijifunga bendeji, nikamwambia mke wangu nimeteguka uwanjani. Kidole kidogo cha kulia hakina hisia mpaka leo. Unaniona nainama kila saa nakigusa? Najaribu tu. Pengine leo kitanisikia.”

Nikatazama majengo yakipita. Mke wangu alikuwa ameshika kifundo cha mguu wangu.

Kisha hasira zikanipanda. Hata kuficha, kanitangulia! Wiki tatu yeye, mimi siku mbili!

Daktari aliitwa kutoka kwake, akaja amevaa ndara. Akagonga, akachoma kwa pini, akasukuma vidole chini akanitaka nivirudishe juu. Akaagiza picha mpya. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo sikulitegemea. Akasema wiki mbili zilizopita nilikuwa na nafasi ya kuchagua. Sasa mguu umechagua. Kesho asubuhi napasuliwa, wa kwanza. Akauliza kwa nini sikuja Ijumaa. Nikamkumbusha kwamba miadi yetu ilikuwa Jumatatu, naye ndiye aliyeiweka.

Nikampa jedwali langu ili asiseme sikufanya kazi. Alilisoma lote. Akauliza swali moja tu: kwa nini waliingia watu tisa akatoka mmoja.

Nimetia saini.

Jumatatu, 18 Machi

Saa moja asubuhi. Nimevalishwa gauni linalofungwa nyuma, lisilofungika. Uonevu.

Muuguzi ameniambia ni saa moja na nusu tu, tundu dogo, watu wanaamka wanauliza chai. Nimemwambia nimesoma. Hakuuliza nini.

Mke wangu amekaa mwishoni mwa kitanda, ameushika unyayo wangu wa kushoto kwa mikono miwili, anausugua ili upate joto. Siihisi mikono yake. Sijamwambia.

Wanakuja.

Jumanne, 19 Machi

Niko hai. Nimeuliza chai.

Maumivu ya mguu hayapo. Hayapo kabisa! Miezi mitatu nimelala chini ya meza, pembeni ya kabati, miguu juu ya viti, kumbe adui ni kipande kisichozidi punje ya mahindi. Nimeomba nikione. Wamekataa, kimepelekwa maabara. Kipande ni changu! Kimenitesa mimi!

Nimesimama na Fizio mara mbili, nimetembea mpaka dirishani. Kidonda kinauma kama kidonda. Unyayo bado. Daktari anasema neva ilibanwa, inahitaji muda. Huenda wiki, huenda miezi, huenda isirudi yote. Kila asubuhi watanitaka niinue vidole. Hata kidole gumba kikitikisika kidogo ni habari njema kubwa, niseme palepale. Amesema “palepale” mara mbili, akimtazama mke wangu.

Mwanyumba alikuja jioni. Hakuinama. Alisimama kando ya kitanda na kofia mkononi, akasema kidole kikicheza nimpigie yeye kwanza, hata awe wapi.

Bila shaka. Ili atangaze yeye.

Alhamisi, 21 Machi

KIMECHEZA!

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Wodi bado imelala. Nilikuwa nakitazama tu, kama ninavyokitazama kila siku, nikakiambia inuka, na kidole gumba cha kushoto kikainuka. Kidogo. Upana wa uzi. Nikasema tena, kikainuka tena. Nikalia. Nililia mpaka jirani yangu wa kitanda cha pili akauliza kama aite mtu. Nikamwambia vumbi.

Nikafikiri. Mwanyumba anakuja saa nne. Nikimpigia simu, kidole kinakuwa chake. Nikimwambia muuguzi, muuguzi atamwambia mke wangu, mke wangu atamwambia dada yake, na mwanyumba ataingia humu keshajua, keshajiandaa na hotuba. Hapana. Nimeona picha yote: wote wamesimama, nyuso za huzuni. Mimi sisemi neno. Nafunua shuka. Kidole kinawasalimu. Ni saa nne tu, si milele.

Saa moja muuguzi akauliza kama kuna chochote. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Saa mbili mke wangu akafika, akauliza. Nikasema bado. Akageukia dirishani, akawa anakunja kanga yake na kuikunjua. Ilinichoma. Lakini atafurahi mara mbili.

Saa tatu daktari. Akanitaka niinue. Kazi ngumu kuliko zote za wiki hizi: kidole sasa kilitaka kucheza chenyewe! Nilikibana kwa roho yangu yote. Jasho lilinitoka. Daktari akaliona jasho, akauliza kama nina homa. Akagonga kwa kinyundo. Akakunja uso. Akasema na muuguzi kwa sauti ya chini, lakini mimi masikio hayajapasuliwa: huenda damu imejikusanya pale penye neva. Picha nyingine, sasa hivi. Nisile kitu. Chumba cha upasuaji kiambiwe kikae tayari.

Papo hapo simu ya mke wangu ikalia. Mwanyumba. Gurudumu limepasuka njiani, atachelewa mpaka saa saba.

Saa saba! Mtu huyu hata gurudumu lake lina ubinafsi.

Naandika haya nikiwa kwenye machela, koridoni, nje ya chumba cha picha. Mke wangu amesimama kando yangu, ameshika chuma cha machela. Ameniuliza tena, kwa sauti ndogo, kama kweli hakuna hata kidogo. Nimepima kila upande. Nikisema sasa, subira ya asubuhi nzima imekwenda bure na mwanyumba atalipata kwa simu akiwa anabadilisha gurudumu. Na picha haiumizi mtu. Hakuna anayefunguliwa kwa picha tu. Sidhani. Hilo sikulitafiti.

Wamenifunika blanketi mpaka vidoleni. Chini yake kinacheza kama arusi.

Mlango unafunguliwa. Nimemwambia bado.